Ng'ombe Saba Mlangoni

Mume wangu Mogesi aliwahi kuuruka ule mkuki wa kiapo mara moja, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na aliuruka vizuri kama swala. Alikuwa ameiba ng'ombe. Akawaapia wazee wa Machochwe kwamba hakuiba, akarudi nyumbani akala ugali. Katika miaka iliyofuata tulizika watoto wawili, Boke na mdogo wake. Mmoja malaria, mwingine hata leo sijui nini, lakini kijijini hakuna aliyehitaji daktari amweleze sababu. Mimi nilikuja kuambiwa habari ya kiapo baada ya mazishi ya pili. Nilimpiga Mogesi na mwiko. Mwiko ulivunjika, yeye hakuvunjika, tukaendelea kuishi.

Baadaye akaokoka. Akasimama kanisani akasema yote, akamrudishia mwenye ng'ombe ng'ombe wake, na tangu hapo akawa mtu wa kuchosha kabisa: hadanganyi hata kuhusu chumvi ya mboga.

Mwaka huu, mwezi wa tano, ng'ombe wanane wa Wangwe wakaibwa. Wangwe ni mkwe wetu. Binti yake Precious ameolewa na mwanetu Vicent, ambaye anachimba dhahabu kule Nyangoto na huja nyumbani siku akikumbuka kwamba ana mama. Wazee wakaita ritongo, ule mkutano wa kijiji kizima. Wakachinja mbuzi mweusi, wakatandika ngozi mbichi, wakalaza mkuki juu yake. Kila mwanaume aruke na kusema: kama nimeiba, au namjua aliyeiba, kifo kiingie nyumbani kwangu.

Wakaruka wote. Wenye vitambi wakaruka, wenye magoti mabovu wakaruka, hata wanakwaya wenzetu wakaruka huku wakitazama pembeni. Ilipofika zamu ya Mogesi, akavua kofia.

"Sikuiba, na simjui aliyeiba," akasema. "Ila siruki."

"Mura, unaogopa?" mzee mmoja akamuuliza, akimwita kijana kwa lugha yetu.

"Naogopa. Lakini siyo huo mkuki."

Nyumbani nilimsema mpaka kuku wakahama uani. "Safari hii hujaiba! Unaruka ukiwa mwizi, ukiwa mwema unakataa? Miguu yako si mizima?"

Akakaa kwenye kigoda akinitazama. "Eunice, nikiuruka nitakuwa nimekubali kwamba huo ndio unaotoa uhai na kuuchukua. Nitakuwa nimesema ndio uliomchukua Boke. Mimi nilimwambia Yesu kwamba nimeachana nao. Sasa nimwambie nini, kwamba nilikuwa natania?"

"Wewe kutania hujui," nikamwambia. "Katika nyumba hii anayetania ni mimi."

Kesho yake tulitengwa. Wangwe alikuja na ndugu zake mchana, wakamchukua Precious na mimba yake ya miezi minane, bila kusema neno. Precious alipita karibu nami hivi, ningeweza kumshika mkono, lakini macho yake yalikuwa yanatazama mahali nilipo kana kwamba pana hewa.

Sasa nikueleze kutengwa kulivyo, maana watu hudhani ni kutukanwa. Kutukanwa ningefurahi, ningepata wa kumjibu. Hii ni kimya. Nikifika kisimani, wanawake wanaacha pampu, wanaondoka na ndoo zilizojaa nusu, hawaongezi mwendo wala hawageuki. Nikipiga hodi, redio inazimwa. Kanisani tuliachiwa benchi zima, na wimbo ukifika kwetu ulikuwa unapungua, kama watu wanaoimba wakizunguka shimo. Siku moja nilianguka njiani na mzigo wa kuni. Watu wanne wakanipita, na mmoja wao akaruka mguu wangu kama anavyoruka gogo. Usiniulize kwa nini nilianza kujigusa uso asubuhi kuhakikisha kwamba upo.

Athumani wa dukani, ambaye ni mtu wa kuja na ritongo halimhusu, ndiye pekee aliyekuwa akitusemesha. Kwake ndiko nilikosikia kwamba Precious amejifungua.

"Hongera, bibi. Dume."

"Anafanana na nani?"

"Na mimi sijamwona, mama. Ila nimesikia analia sana."

"Basi ni wa kwetu," nikasema, nikatoka haraka kabla hajaniona machozi.

Usiku huo nilimwomba Mogesi kwa upole, na mimi upole siuwezi. Nilimwambia ni hatua moja tu, Mungu anaujua moyo. Nilimsikia akigeuka kitandani mpaka jogoo akawika, nikajua kwamba hata yeye anamtaka yule mtoto kama mimi.

Ulikuwa mwezi wa sita, wakati wa ukungu ule unaotoka upande wa hifadhi ya wanyama. Asubuhi nilifungua mlango niende chooni, nikakuta macho.

Ng'ombe saba. Walikuwa wamesimama uani, wamejipanga, wote wameuelekea mlango wetu. Hakuna aliyelia wala kutafuna. Mvuke ulikuwa unawatoka puani bila sauti. Aliyekuwa mbele, yule wa kijivu mwenye pembe iliyopinda, akatikisa kichwa kwa nguvu, na kengele yake ikacheza huku na huku shingoni, isilie. Nikasema, sasa hata ng'ombe wametutenga.

Mogesi akatoka na blanketi begani. Akamsogelea yule wa kijivu, akaingiza vidole ndani ya kengele, akavuta kitambaa kilichokuwa kimeshindiliwa humo.

"Wezi waliiziba," akasema. "Hawa wamewatoroka. Huyu si alizaliwa hapa? Amewaleta wenzake kwao."

Ni kweli. Ng'ombe yule tulimtoa sisi katika mahari ya Precious. Alizaliwa katika zizi letu, na mimi ndiye niliyemfuta utelezi. Lakini nani angetusikiliza? Mtu aliyekataa kuapa, na ng'ombe wako kwake! Kwetu watu wamechomwa moto kwa kidogo kuliko hicho.

"Ukungu bado," nikamnong'oneza. "Wasukume waelekee hifadhini. Hakuna aliyewaona."

"Mimi nimewaona."

"Mogesi, watakuua."

"Huenda." Akaokota fimbo. Nilidhani angekirudisha kile kitambaa, tupite kimya. Alikitia mfukoni.

Basi tukapita katikati ya kijiji, na kengele inalia. Sijawahi kusikia sauti kubwa namna ile. Milango ikafunguka mmoja mmoja, watu wakatoka wakiwa na miswaki mdomoni, wengine na mapanga, wakatufuata. Hakuna aliyesema. Nyayo zao tu nyuma yetu, nyingi, zikizidi, na ukungu ukiwafanya wote wasiwe na miguu. Nilitamani mtu mmoja atupigie kelele za mwizi, nijue kwamba hawa ni watu.

Wangwe alikuwa amesimama langoni kwake na panga. Mogesi akasimama umbali wa hatua tano.

"Mkwe, ng'ombe wako saba wameamkia kwangu. Huyu aliwaongoza, alizaliwa kwangu. Wa nane simjui alipo. Sikuwaiba."

Wangwe akawazunguka, akawagusa masikio mmoja mmoja. Akakipokea kile kitambaa Mogesi alichokitoa mfukoni, akakinusa. Watu walikuwa wametuzunguka kabisa, nasikia pumzi ya mtu kisogoni.

"Ng'ombe hurudi alikozaliwa," Wangwe akasema mwishowe. Lilikuwa neno la kwanza tuliloambiwa na mtu wa kijiji kwa mwezi mzima. "Hilo nalijua. Wewe siye uliyewachukua."

Mogesi akashusha pumzi. Mimi nikaanza kucheka, mapema mno.

"Lakini kifungo cha ritongo hakifunguliwi kwa ng'ombe," Wangwe akaendelea. Akaingia ndani, akatoka na ile ngozi ya kiapo aliyoachiwa na wazee, imeshakauka na kujikunja pembeni, akaitandaza chini, akalaza mkuki. "Ruka, mura. Ukweli si unao? Ruka tumalize."

"Siruki, mkwe."

Wangwe akanigeukia mimi. Mkwe hatazamani na mkwewe hivyo, lakini alinitazama.

"Mama Vicent, mwanamke wa nyumba anaweza kuruka kwa ajili ya nyumba. Ruka wewe. Umchukue Precious na mtoto, uende nao sasa hivi."

Precious alikuwa mlangoni. Kifuani alikuwa amebeba furushi la kanga, na juu ya furushi nikaona sikio. Kubwa, la Mogesi kabisa, maskini.

Nilisogea mpaka ukingoni mwa ngozi. Ilinuka uozo na moshi. Hatua moja. Nimeruka mitaro mipana kuliko ile nikiwa na ndoo kichwani. Mogesi hakunizuia, hakuniita, na ningemshukuru kama angeniita. Nikautazama ule mkuki, kichuma chenye kutu, na nikaelewa kwamba wote pale wananisubiri nimkabidhi Boke. Nikiinua mguu, nimekubali ni huo uliomla, yeye na mdogo wake. Mimi siku za kuwazika niliwafunika kwa mikono yangu na niliomba, na nilijua ninamkabidhi nani.

"Mkwe," nikasema, na sauti yangu ikatoka ya kizee, "mguu wangu ungependa sana. Mimi sitaki."

Mtu akaguna nyuma. Wangwe akasubiri kidogo, nadhani alitaka nibadilike. Kisha akaikunja ngozi, na macho yake yakapita mahali niliposimama, hayakusimama popote. Umati ukafunguka kutuachia njia. Wengine walirudi nyuma mno, kama tunaunguza.

Tuliposhuka bondeni mtoto akaanza kulia. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Mogesi akapunguza mwendo.

"Usigeuke," nikamwambia. "Ukigeuka nitarudi."

Tukatembea. Alilia mpaka tulipovuka kijito, kwa hasira, bila kupumzika, mapafu mazuri kabisa. Kisha akanyamaza ghafla, nikajua amepewa ziwa.