Neno la Siri la Chama cha Bundi

Chama cha Bundi kilikuwa na kila kitu kinachostahili chama cha siri: kiapo, mishumaa, madirisha yaliyofungwa, na wazee wenye baridi yabisi waliojipachika majina ya Kirumi. Kilichokosekana ni siri yenyewe. Wakikutana nyumbani kwa Messer Taddeo Balduccini, mwalimu wa Kigiriki wa mji wa Castelrovere, walikula samaki wa kuoka, wakasomeana mashairi mabovu, wakasifiana bila haya, kisha kila mtu akaenda kwake kulala.

Mlangoni ilibidi useme neno la siri: *palaion oxos*. Taddeo aliliokota kwenye mtungi uliotoka ng'ambo, akawaambia wenzake ni usemi wa wahenga wa Athene. Mgiriki yeyote angewaambia kwamba maana yake ni siki kuukuu. Ila Castelrovere haikuwa na Mgiriki hata wa dawa, na hapo ndipo ilipotoka riziki ya Taddeo, kwa maana zaidi ya herufi zake, Kigiriki chenyewe hakukijua.

Sasa neno hilo lilikuwa limemponza. Jirani alilisikia, akalipeleka kwa Duke Arrigo, mtawala wa mji, na Duke, ambaye baba yake alichomwa visu na watu wenye elimu zao, hakuwa mtu wa kudharau minong'ono. Asubuhi hiyo Taddeo alisimama katika chumba cha mahojiano, mikono imefungwa nyuma, kamba ikining'inia juu yake. Alijua kwamba anayevutwa juu kwa kamba ile hushushwa mabega yameteguka. Aliogopa, na nani asingeogopa?

Mhoji alikuwa Messer Ercole Fantuzzi, mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, unisamehe. Kazi ni kazi. *Palaion oxos* maana yake nini?"

"We Ercole! Si nilikufundisha mwenyewe? Hujui?"

Fantuzzi akakohoa, akamtupia karani jicho. "Najua sana. Nataka kulisikia kwako."

"Ni... hekima ya kale imeamka."

"Imeamka? Kwani nani aliilaza? Duke?"

"Basi si kuamka. Tuseme ya kale yatarudi."

"Ya kale! Kabla ya ukoo wa Duke mji huu ulikuwa jamhuri." Karani aliandika mbiombio.

"Jamani! Ni nuru tu, Ercole. Nuru inafukuza giza."

"Na giza ndilo nani?"

Mshika kamba akaivuta kidogo, kuijaribu. Taddeo akaona maji yamezidi unga. Bora fedheha kuliko mabega.

"Sijui maana yake!" akapiga kelele. "Sijui Kigiriki mimi! Ulipokuwa unasoma kwangu, ulinisikia nikisoma hata sentensi moja? Nilikuwa nawaimbisha alfa, beta, halafu nasifia utamu wa lugha mpaka kengele inalia!"

Alitarajia wacheke, wamfungue, wamtupe barabarani. Fantuzzi hakucheka. Alimwambia karani asiandike uongo wa mtu anayeogopa kamba, akamtoa nje pamoja na mshika kamba, akafunga mlango, akamsogelea mzee wake mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Una wazimu, mzee? Mimi nina shahada ya Kigiriki. Nani alinitahini?"

"Mimi."

"Na Duke akiwapokea mabalozi, anawasalimu kwa Kigiriki alichofundishwa na nani?"

"Na mimi," Taddeo akasema kwa sauti ndogo.

"Nao huinama kwa heshima, maana hawaelewi kitu. Leo niandike kwamba Duke anabwabwaja? Sikiliza. Wasomi kula njama, hayo tumeyazoea, adhabu yake ni kuhamishwa mji. Kumfanya Duke kichekesho, hiyo ni kukatwa kichwa. Haya, chagua."

Taddeo akachagua. Karani aliporudi, alikiri kila kitu ambacho hakikuwapo: jamhuri, majambia chini ya majoho, wazee wenye magoti mabovu wakiparamia kuta za ngome. Wenzake walikwishakimbia, kwa hiyo hakuwapunja, kila mmoja akampa cheo. Alikolea kabisa. Maisha yake yote hakuna darasa lililomsikiliza kwa makini namna ile, na kwa kweli aliona fahari.

Alasiri hukumu ilishuka kutoka kwa Duke. Fantuzzi aliisoma kwanza kimya, rangi ikamtoka usoni, kisha akaisoma kwa sauti kwa sababu karani alikuwa akisikiliza.

"Kwa kuwa ni msomi aliyetupamba, hatutamtupa pabaya. Atahamishiwa Venezia, walikojaa Wagiriki waliokimbia vita. Tumeshawapa habari kwamba tunawaletea bingwa wa lugha yao. Watampokea bandarini, na hapo hapo atawahutubia."

Taddeo akainamisha kichwa. Karani alidhani ni shukrani zimemzidi.

"Ercole, mwanangu," akasema hatimaye, "hebu niambie, ile ya kichwa bado ipo?"