Feni Moja au Feni Mbili

Kaka yangu alianza kuendesha malori ya tela mimi nikiwa bado nasoma, na madereva wenzake walimbandika jina la Rivasi. Kurudisha tela nyuma ni kazi ya kuvunja watu mioyo. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukichelewa kidogo tu kulirekebisha, linajikunja na kukuzibia njia. Madereva wengi husimamisha mtu nyuma awapungie mikono na kupiga makelele. Yeye hakutaka mtu. Alikuwa akitazama vioo vyake vya pembeni, kimya kabisa, na tela linaingia lilipotakiwa kuingia.

Kisha lori lililokuwa mbele yake likakatika breki mlimani, likarudi kinyumenyume na kumbana. Madaktari walifanya walichoweza, lakini goti la kushoto halikunjiki tena, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kampuni ilimpa pole, ikampa mkono wa kwaheri, basi.

Miezi ya mwanzo alikuwa anakaa mlangoni na kusalimiana na wapita njia. Baadaye akahamia sebuleni. Mkewe, wifi yangu, ni fundi cherehani na kazi zake anazifanyia humohumo sebuleni, kwa hiyo kutwa nzima walikuwa wanatazamana.

"Wifi, ndugu yako ananichunga kama mkaguzi," aliniambia siku moja, akiuma uzi kwa meno. "Nikishona polepole anaguna. Nikishona haraka anasema nitaunguza injini. Mtafutie kitu cha kufanya kabla sijamshona mdomo."

Mimi nafanya kazi kwenye duka la steshenari: natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti. Tajiri yangu alipobadilisha kompyuta za duka, nilimwomba moja ya zile za zamani, nikaipeleka kwa kaka pamoja na mchezo wa kuendesha malori. Wifi naye akapata kwa mteja wake usukani wa mezani uliotumika, wenye pedeli zake. Mchezo ule unaweza kuupangia ubadilishe gia bila klachi. Nilijiona nimeleta dawa.

Kaka akakaa, akanyoosha mguu wake pembeni ya meza, akashika usukani. Lori likaanza kwenda kwa kurukaruka. Barabara ilikuja vipande vipande. Miti ilikuwa inachelewa, halafu inachomoza ghafla kando yake kama watu waliojificha. Alipokata kona, picha iliganda, na ilipofunguka lori lilikuwa mtaroni.

"Wewe dada," alisema bila kugeuka, "umeniletea picha za pasipoti. Moja. Nyingine. Nyingine."

"Inataka kadi ya grafiki, kaka. Ndiyo inayochora hizi picha. Hii haina, inajichorea kwa shida."

"Basi itafutie," akasema, akauachia usukani.

Nikaenda kwa Mama Chipu, mama mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika kwenye ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti. Wenye utani humwita Mama Chipsi, naye hucheka kuliko wao. Nikamweleza aina ya kompyuta na kwamba mfuko wangu haupumui. Akaingiza mkono kwenye sanduku, akatoa kadi mbili, zote za kizamani, zote zimevaa vumbi kama blanketi.

"Hii ya feni moja," alisema, "ina kumbukumbu ya giga mbili. Haina makuu. Unaichomeka, inakula umeme kutoka palepale ilipochomekwa. Hii ya feni mbili ina giga nne, ina nguvu, lakini inadai waya wake wa umeme. Boksi la kompyuta yako ni la ofisi, halina huo waya, nitakupa wa kuungia."

"Ipi nzuri?"

"Ya feni mbili ni nzuri. Ya feni moja ni salama."

"Mama, hilo siyo jibu."

"Ndiyo maana nakupa zote mbili. Kajaribu. Jumamosi nirudishie moja. Usinirudishie zote, tutakosana."

Nikamwachia kitambulisho changu, nikaenda nazo.

Tulianza na ya feni moja. Nilifungua boksi, nikapuliza vumbi likaniingia machoni, nikaichomeka. Nikawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikachomoa, nikachomeka tena. Nyeusi. Kaka akaanza kugonga meza kwa vidole. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, ndipo wifi, aliyekuwa anapita na mzigo wa nguo, akauliza, "Huo waya wa skrini si ungekuwa kwenye hicho kitu kipya?" Kweli. Nilikuwa nimeuacha kwenye tundu la zamani.

Picha ikaja, lakini kubwa na mbaya, na maandishi chini yake. Nikamsomea kaka: "Inasema haina dereva."

Kaka akageuka. "Na mimi nimekaa hapa nafanya nini?"

Wifi akaangua kicheko mpaka akakaa. Nikamweleza kwamba dereva wa kompyuta ni programu, na kwamba lazima tumpakue kwenye intaneti. Tukawa tunangoja. Bando langu likaisha dereva akiwa karibu kabisa kufika. Nikaongeza jingine, upakuaji ukaanza upya tangu mwanzo, kana kwamba hatukufanya kitu. Kaka akaanza tena kugonga meza kwa vidole.

Hatimaye mchezo ukafunguka. Barabara ikatiririka. Niliona mabega yake yakishuka. Aliendesha vizuri nje ya mji, akapita lori jingine, akapiga honi. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Kisha akaingia mjini, mvua ya mchezoni ikaanza kunyesha, na picha zikaanza kukwama tena. Ili isikwame, nikapunguza ubora wa kila kitu kwa mkupuo. Ikaenda laini. Akafika bohari ya kushushia mzigo, akaweka gia ya nyuma, akatazama kioo.

"Hivi vioo vimepakwa mafuta?"

Nikainama kutazama. Ndani ya kioo cha pembeni kulikuwa na ukungu wa kijivu, na tela lilionekana kama gunia.

"Kaka, bonyeza hapa utazame kwa juu. Unaliona lori lote kama ndege."

"Mimi siyo ndege."

"Watu wote wanafanya hivyo."

"Hao watu hawajawahi kurudisha tela." Akazima kompyuta kwa kidole, bila kuaga mchezo wala mimi.

Kesho yake nilipotoka kazini nikaenda kuweka ya feni mbili. Ilikuwa ndefu, ikagonga diski, ikabidi niilegeze diski na kuiacha ikining'inia nje kwa waya zake. Boksi halikufungika tena. Nikaunga waya wa Mama Chipu. Nikamfuta dereva wa kwanza, nikamleta wa pili, na bando likaondoka tena. Lakini ilipowaka, jamani, ilikuwa nzuri. Mvua ilionekana mvua. Vioo viling'aa, ungeweza kusoma namba ya gari la nyuma. Kaka akasogeza kiti.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo kadi."

Akapakia mzigo wa mbao, akaondoka. Wifi akasimamisha cherehani ili asikie mlio wa injini. Tulimwona akiukabili mlima mrefu, akiongea peke yake kama zamani: "Taratibu, mama, taratibu, usinichemkie hapa." Alipokaribia kileleni, kompyuta ikazima yenyewe. Pu! Halafu ikajiwasha, kama mtu aliyesinzia msikitini au kanisani na kujifanya alikuwa anasali.

Tukajaribu tena. Mlima uleule, ikazima. Nikabadilisha tundu la ukutani. Ikazima. Nikaelekeza feni ya mezani kwenye boksi, pini na vipande vya uzi vya wifi vikatimka, ikazima vilevile. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ile ya ofisi hakikuweza kuibeba kadi. Kila ilipotumia nguvu zake zote, kilikata tamaa. Na kila kilipokata tamaa, mzigo wa mbao ulipotea na kaka alirudishwa alikoanzia safari.

"Rudisha ile nyingine," nikasema.

"Ile kipofu."

"Basi pita barabara isiyo na mlima!"

"Nani alikuomba uniletee mdudu huyu?" Aligeuka na kiti chake. "Nilikuwa nimekaa zangu kimya."

"Ulikuwa umekaa unanuna! Mkeo anashona huku anakuogopa. Mimi nimeacha kitambulisho changu kwa watu, nimemaliza mabando, nimekula vumbi siku mbili, na wewe unachoona ni kioo tu!"

"Kioo ndiyo kazi yangu!" Alipiga usukani kwa kiganja, nao ukachomoka kwenye meza na kuangukia mguu wake mbovu. Akafumba macho. "Mtu yeyote anaweza kwenda mbele," akasema taratibu. "Hata wewe. Mimi walikuwa wananiita nirudishe nyuma. Sasa nikae hapa nirudishe kwa kubahatisha, niwe kama nani?"

Wifi akaokota usukani, akaufunga mezani kwa kitambaa cha pindo. Mimi nilikuwa na hasira bado. Nikachomoa ya feni mbili, nikarudisha ya feni moja, nikamwambia, "Haya, kaa na kipofu wako," nikaenda zangu nyumbani.

Siku mbili sikupiga simu. Ijumaa wifi akanipigia akiwa amekwenda dukani kununua vifungo. "Pita utazame alichokifanya. Mimi sielewi, lakini leo hajanikagua."

Nikapita. Niliposimama nyuma yake nilidhani mchezo umeharibika. Miti yote haikuwepo. Hakukuwa na nyasi, vivuli, mawingu wala watu. Nyumba zilikuwa maboksi matupu yasiyo na rangi ya maana, na barabara ilipita katikati kama mkanda. Alikuwa ameingia mwenyewe kwenye mipangilio na kuzima kitu kimoja kimoja, akijaribu na kurudia, mpaka akajua kipi kinakula nini. Kila nguvu aliyoiokoa aliipeleka kwenye vioo. Vilikuwa vinang'aa pembeni mwa ile dunia kame kama vimesafishwa asubuhi hiyo.

"Umeing'oa miti yote?" nikauliza.

"Miti ya nini? Sikupakia kivuli."

Alifika bohari. Akapita mbele ya lango, akasimama, akaweka gia ya nyuma. Kushoto kidogo. Akangoja. Kulia. Macho yalikuwa kwenye kioo, mdomo umefungwa. Tela likapinda, likanyooka, likaingia kati ya kuta mbili bila kugusa. Alikaa pale mikono ikiwa bado juu ya usukani, na wifi, aliyekuwa na pini mdomoni, hakuzitoa wala hakuzimeza.

Nilingoja aniambie asante. Akasema, "Bado inakwama nikipita mjini. Na ile ya feni mbili ingekuwa na umeme, ningekuwa na vioo na miti pia. Huyo mama wa kadi hana kisanduku cha umeme kikubwa zaidi?"

"Sijui. Kesho nitamuuliza nikirudisha kadi yake."

"Hujui kuuliza. Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi tukaenda, mimi nimebeba boksi, yeye na fimbo yake. Ngazi za lile jengo ni nyembamba. Alipanda kwa mguu mmoja na kuuvuta mwingine, akisimama kila baada ya hatua chache na kumtukana aliyejenga nyumba bila lifti. Nilimwambia angeweza kunisubiri chini. Akaendelea kupanda.

Mama Chipu akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa kisanduku cha umeme kikubwa kuliko chetu, akafungua boksi letu na kujaribu kukiunga. Plagi yake haikuingia. Akaigeuza, haikuingia.

"Nilihofia hivyo," alisema. "Waliotengeneza hizi za ofisi waliziwekea plagi ya peke yake. Kingine hakishiki."

"Yaani mtu anatengeneza kitu kwa makusudi kisitengenezeke?" kaka akauliza.

"Baba, usinikaripie. Mimi ni muuzaji, siyo kiwanda."

"Sikukaripii, nauliza! Hakuna waya wa kuungia?"

"Upo. Sina."

"Boksi jingine zima?"

"Jumatatu nitaletewa mzigo. Njoo uchague, au usije."

Walibishana hivyo mpaka wateja wengine wakaanza kuangalia saa zao. Kaka akamfundisha Mama Chipu jinsi ya kupanga vitu vyake. Mama Chipu akamwambia akapange vya kwake. Mwishowe kadi ya feni mbili ikabaki mezani, nikalipia ile ya feni moja, kitambulisho changu kikarudi mkononi mwangu, na boksi likarudi mikononi mwangu, zito kama lilivyokuja.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Kaka alishika reli kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, akinuka jasho na kulalamika njia nzima: plagi, ngazi, yule mama na mdomo wake, na jinsi siku hizi hakuna anayefanya kitu kikashikana na kingine. Mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi.

"Jumatatu tufike mapema kabla hawajachagua wengine," alisema tulipofika chini.

"Jumatatu niko kazini, kaka."

"Nani amekuita wewe?" akasema, akatangulia barabarani na fimbo yake, akiniacha na boksi.