Seli za Mkimbiaji

Tangu alipoanguka uwanjani, Jemutai hakuvigusa tena viatu vyake vya mbio. Walikuwa kwenye mazoezi ya mbio za nyika, shuleni kwao Njoro, naye anaongoza kama kawaida. Ghafla magoti yakamlegea, jasho baridi likamtoka, mashamba ya ngano ng'ambo ya ua yakaanza kucheza mbele ya macho yake. Alijikuta chini anatetemeka, Mwalimu Kibii wa michezo amepiga magoti kando yake akimnywesha soda kidogo kidogo.

Kabla ya siku hiyo ni wachache waliojua kwamba Jemutai ana kisukari, ile aina inayowapata hata watoto, na kwamba hujidunga sindano ya insulini kila siku. Kufikia jioni shule nzima ilijua.

"Mbio basi," Mwalimu Kibii alimwambia mama yake, Jepkosgei, alipokuja kumchukua. "Huyu msichana ana miguu, Mungu anajua. Lakini siwezi kucheza na maisha ya mtoto wa mtu."

Jepkosgei, ambaye alikuwa ametoka kukamua ng'ombe na bado yuko ndani ya gambuti, viatu vyake virefu vya mpira, aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiomba mtu aseme hivyo. Jemutai hakubisha. Alifika nyumbani, akavisukuma viatu chini ya kitanda, akageukia ukuta.

Alianza kuuchukia mwili wake. Wenzake wakienda uwanjani, yeye alibaki darasani akiyatazama mapaja yake kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsaliti.

Hali iliendelea hivyo mpaka Madam Edinah, mwalimu wa Sayansi, alipoingia Gredi ya Nane amekumbatia hadubini aliyoazima kutoka chuo kikuu cha jirani. Darasa zima lilisimama. Walikuwa wamechora seli kwenye madaftari hadi wakachoka, lakini hakuna aliyewahi kuiona.

"Leo kila mtu ataona zake," Madam Edinah alisema. "Chukua kijiti cha pamba, pangusa ndani ya shavu, polepole. Usijichune, Wangare, hatutafuti nyama!"

Darasa likacheka. Zamu ya Jemutai ilipofika, mwalimu alipaka ute wake juu ya kioo, akadondosha tone la rangi ya bluu, akamwachia nafasi. Jemutai alifumba jicho moja, akainama. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha mwalimu akazungusha kirekebishi, na hizo hapo: seli, moja moja na nyingine zimelaliana, kila moja na utando wake mwembamba pembeni na kiini chake cheusi katikati.

Alitazama kwa muda mrefu hadi walio nyuma wakaanza kunung'unika. Akaomba aone na za Wangare, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Akarudi kwenye zake. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Madam, zile mbovu ni gani?"

Madam Edinah alielewa papo hapo. Alivuta viti viwili, wakaketi.

"Hakuna mbovu hapo, Jemutai. Seli zako ni nzima kama zangu."

"Sasa mbona nikaanguka?"

"Nikuulize wewe kwanza. Ukila kiazi, kinaenda wapi?"

"Kinasagwa tumboni na kwenye utumbo, kinakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu."

"Na damu?"

"Moyo unaisukuma hadi kwa seli. Mapafu nayo yanaleta oksijeni. Seli inaunguza sukari kwa hiyo oksijeni, inapata nguvu."

"Vizuri. Lakini sukari haiingii kwenye seli ya msuli hivi hivi. Utando unatakiwa kuipa njia, na insulini ndiyo inayouambia fungua. Insulini inatoka kwa kongosho. Kongosho yako imeacha kuitengeneza, ndiyo maana unajidunga. Seli zenyewe hazina kosa lolote."

Kichwa cha Jemutai kilikuwa kinakwenda mbio. "Na nikikimbia?"

"Misuli ikifanya kazi inafungua milango zaidi, hata bila kungoja insulini nyingi. Sasa niambie, kongosho ya Wangare ikiona anakimbia itafanya nini?"

"Itapunguza insulini," Jemutai alisema. Kisha akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Lakini sindano haiwezi kupunguzwa! Ikishaingia imeingia! Na siku ile nilijidunga, nikanywa chai kikombe kimoja tu bila kula kitu, nikaenda kukimbia. Insulini inafungua, misuli inafungua, sukari yote ikakimbilia ndani ya seli. Damu ikabaki bila, na ubongo unategemea hiyo hiyo!"

Wenzake walikuwa wamesogea karibu kusikiliza. Hata wale waliokuwa wakinung'unika.

"Haikuwa mwili wangu," Jemutai alisema polepole. "Ilikuwa chai."

Jioni hiyo alimweleza mama yake wakiwa zizini, akichora kwa kidole kwenye vumbi: tumbo, moyo, kongosho, msuli. Jepkosgei alisikiliza huku mikono ikiendelea kukamua. Mwishoni alisema, "Mimi nakuogopea, Jemu. Siku ile nilikuona umelala pale, roho yangu ilitoka."

"Najua, Mama. Ndiyo maana sitaki kukimbia kwa kubahatisha. Twende kwa daktari. Akikataa, nitakubali."

Daktari wa kliniki ya kisukari mjini Nakuru hakukataa. Aliwapangia dozi ya siku za mbio, chakula cha kula kabla, nyakati za kupima sukari, na akasisitiza glukosi ikae mfukoni daima. "Na ukiona dalili unasimama," alisema. "Hata kama umebakisha hatua moja."

Mwalimu Kibii ndiye aliyekuwa mgumu. Jemutai alimweleza ubaoni, mbele ya mama yake na Madam Edinah, na alipomaliza mwalimu alikuna kidevu kwa muda. "Tujaribu mazoezi," alisema. "Lakini mimi ndiye nitabeba glukosi ya akiba." Na aliibeba kweli, wiki baada ya wiki, akipiga kelele kando ya uwanja, "Umepima? Umekula?" hadi wanafunzi wengine wakawa wanamwiga.

Siku ya mashindano ya kaunti ndogo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja umekuwa tope tupu. Wasichana wa Mau Narok walifika wakiimba, wakiongozwa na Cherop, bingwa wa mwaka uliopita, mrefu, mwenye mwendo mwepesi kama mtu asiye na haraka. Jemutai alijichoma kidole, akaweka damu kwenye kipima sukari. Sukari ilikuwa chini.

Mwalimu Kibii alikunja uso. "Basi. Tutakimbia mwaka ujao."

Miezi michache nyuma Jemutai angelia. Sasa alifungua mkoba. "Mwalimu, wavulana ndio wanaanza. Nakunywa glukosi, nakula mkate, nangoja, napima tena. Isipopanda, mimi mwenyewe nitavua hii jezi."

Aliketi juu ya jiwe, akatafuna bila haraka huku wavulana wakipita wakirusha tope. Mama yake alisimama nyuma yake, mkono begani, midomo ikisali. Wavulana walipomaliza alipima. Imepanda. Alingoja kidogo, akapima tena ahakikishe haishuki. Imetulia. Kibii alitazama namba, akamtazama msichana, akasema neno moja tu: "Nenda."

Mwanzoni aliachwa nyuma kwenye msongamano, tope likimpiga usoni. Hakubabaika. Alisikia mapafu yakijaa hewa baridi, moyo ukipiga kwa nguvu, na akajua kila pigo linapeleka nini na wapi. Alimpita mmoja, akapita kundi. Kwenye kilima cha mwisho alibaki Cherop peke yake mbele, na Cherop aligeuka kutazama.

Jemutai alijisikiliza. Mikono haitetemeki. Macho yanaona wazi. Hakuna jasho baridi, hili ni jasho la moto, la kazi. Akaachilia miguu.

Walipanda bega kwa bega, wote wawili wakihema kama ng'ombe wa kulima, na kileleni Cherop alipoteleza kidogo Jemutai alikuwa ameshapita. Aliteremka mikono imetanuka, tope hadi masikioni, akisikia sauti ya mama yake ikipasua kelele zote. Alikuwa wa kwanza kukata utepe.

Jepkosgei alivamia uwanja na gambuti zake, akamnyanyua juu, akamzungusha. Mwalimu Kibii alikuwa anaruka na pakiti ya glukosi mkononi, unga mweupe ukimmwagikia kotini bila yeye kujua. "Kaunti!" alipiga kelele. "Tunaenda kaunti!"

"Nishushe, Mama," Jemutai alisema akicheka na kulia kwa pamoja. "Nishushe nipime."

Cherop alikuja kumpa mkono, akakuta anajichoma kidole. "Hiyo ni ya nini?" aliuliza.

"Nina kisukari," Jemutai alimjibu wazi, mbele ya watu wote. "Kaa hapa nikueleze, halafu tule. Seli zangu zina njaa vibaya."