Mahali pa Jiwe la Dada

Alhamisi, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu, na vioo vyote vya karakana vilitoka jasho. Nilijua si siku nzuri ya kumimina rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikang'aa kama kioo. Rezini haipendi unyevu; ikiupata, huingia utando mweupe kama jicho la mzee. Lakini Jumapili mama anatimiza miaka themanini, na rezini inahitaji siku mbili kukauka. Sikuwa na siku nyingine. Nikawasha ile taa kubwa ya mume wangu juu ya meza ili pakauke, nikaanza kupanga mawe.

Mume wangu ni fundi vioo. Yeye hutengeneza makasha kwa vipande vinavyobaki kwenye kazi za madirisha ya watu, nami hupanda bustani ndani yake. Kazi hii niliijua kwenye masomo ya jioni, nilikoanza nikiwa na miaka hamsini na moja, nikikaa dawati moja na wasichana wanaoweza kuwa binti zangu. Kupanda hakukunishinda. Kangaga ndogo, zenye majani kama manyoya, na ule ukijani laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu, ukivipa udongo mzuri na kioo kilichofungwa vinajitunza vyenyewe. Kazi ni maji. Ukiweka maji ya kweli yanaoza, yanaozesha na mizizi. Kwa hiyo maji hutengenezwa. Maporomoko nilishayatengeneza Jumanne: nilivuta nyuzi za silikoni, ile ile anayozibia vioo mume wangu, juu ya karatasi ya nailoni, nikaziacha zikauke, nikazibandua kama ngozi ya kitunguu. Nikizitundika kwenye mwamba, huwezi kuamini kwamba si maji.

Kijito nilichokuwa nakitengeneza ndani ya kasha kilikuwa chetu, cha nyuma ya nyumba tuliyozaliwa. Mama hawezi kutembea tena, na hata angeweza, asingekikuta. Kimefunikwa kwa zege, juu yake magari yanaegeshwa. Mwaka jana aliniambia, "Mwanangu, nikifumba macho nayasikia maji yale. Nikifumbua, nasikia honi." Hapo ndipo nilipoweka nia ya kumtengenezea.

Nakikumbuka kijito kile kuliko ninavyokumbuka sura ya baba yangu. Maji yalitoka juu ya mwamba mweusi, yakaanguka kimo cha mtoto, yakapita kwenye kokoto, kisha yakapinda kulia na kuwa na kina cha magoti. Rangi yake ilikuwa ya chai isiyo na maziwa. Mama alifua nguo za watu, nasi wanawe wawili tulimsaidia: dada yangu, miaka kumi na moja, na mimi, saba. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kufulia. Sabuni ilikuwa ya mche, inakatwa kwa uzi. Nguo tulizianika juu ya nyasi, na zikikauka zilinuka jua. Siku hizi nanunua sabuni ya kila harufu, hiyo siipati.

Na tulikuwa na beseni. Beseni kubwa jeupe la mama lenye ukingo wa buluu, ambalo kazi yote ilitegemea. Siku moja likachukuliwa na maji. Mama alipouliza, nilisema lilimponyoka dada pale kwenye jiwe lake, akiwa anapiga soga. Dada alikana akalia. Hakuaminiwa, kwa sababu mimi nilikuwa mdogo, na mdogo hudhaniwa hajui kusema uongo. Akazuiwa shule muhula mzima ili asaidie kufua mpaka beseni jingine lipatikane. Aliporudi, aliwekwa darasa moja na vitoto. Akaona aibu, akaacha. Mimi niliendelea miaka michache, nikaacha kwa uvivu wangu mwenyewe.

Tangu hapo ndugu wote humwita Beseni. Kwenye harusi, kwenye msiba, lazima atokee mtu aseme, "Vyombo msimpe Beseni, vitakwenda na maji." Sasa wajukuu zake wanamwita Bibi Beseni. Hucheka nao. Mimi hujifanya naangalia sufuria.

Basi asubuhi hiyo niliyashika mawe mawili mkononi, kila moja ukubwa wa haragwe. Jiwe langu nililiweka palipopinda, mahali pake. La dada likabaki mkononi. Mahali pake palikuwa juu, chini tu ya maporomoko. Lakini mtu yeyote atakayetazama ataona: kitu kikiponyoka juu, kitapita kwa aliye chini. Mimi nilikuwa chini, kwenye maji ya magoti. Beseni kubwa vile lingepitaje nisilidake? Jumapili ukoo mzima utazunguka kasha lile, na mama akiwa mbele, na miwani yake.

Nikaliweka jiwe la dada chini ya langu. Ni jiwe tu, nilijiambia. Nani anakumbuka? Rezini ikishaganda, hivyo ndivyo itakavyoaminika kwamba ilikuwa.

Nikachanganya rezini, chupa moja na ile ya kukazia, mchanganyiko ambao ukikawia kikombeni hupata moto wenyewe, nikatia rangi ya kahawia kwa ncha ya kijiti, nikakoroga polepole nisilete mapovu. Kisha, kama nifanyavyo siku zote kabla ya kumimina, nikafumba macho nimwombe Mungu aibariki kazi ya mikono yangu.

Sala haikutoka. Nilianza mara tatu. Ningesema aibariki nini? Nikaomba nisamehewe, nikaona naomba kusamehewa jambo ambalo bado nalifanya. Nikaomba nguvu. Nikamwombea mama, nikamwombea dada, nikazunguka nchi nzima kwa maombi ili nisirudi pale pale. Nilikuwa bado huko nilipokisikia kikombe kikitoa sauti kama kikaango. Nikafumbua macho. Moshi! Rezini imechemka, imeganda, kijiti kimesimama katikati kama mlingoti.

"Amina," akasema mume wangu kutoka kwenye meza yake ya kukatia. "Ombi limefika juu, moshi wake nauona."

Aliyekuwa amekaa karibu naye akisubiri kioo cha kibanda chake ni kinyozi wa mtaani kwetu. Akacheka mpaka akashika goti. "Mama, ungemwomba kwa kifupi! Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika," sauti ikajibu mlangoni. "Yamegandia kikombeni. Mdogo wangu, hata maji unayaunguza?"

Alikuwa dada, na mwavuli unaochuruzika. Mama anaishi kwake, na alikuja kuuliza habari za viti vya Jumapili. Hakuuliza. Aliliona kasha, akauacha mwavuli sakafuni, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Ni kwetu," akasema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni kwetu, jamani! Mwamba ule! Na ule mwanya wa kaa!" Akacheka peke yake. "Wakumbuka kaa aliyekubana kidole ukampigia mama kelele kwamba kuna mwizi?" Kisha akaelekeza kidole. "Lakini jiwe langu umelikosea. Lilikuwa huku juu. Povu langu ndilo lililokuwa likikujia, ukinilalamikia kutwa."

Akaingiza mkono, akaliokota kwa vidole viwili, akaliweka chini ya maporomoko. Akalisawazisha kwa kucha. "Hapo."

Hakuna aliyeona lolote. Mume wangu alikuwa anakata kioo. Kinyozi alikuwa anajitazama kwenye kingine. Ningeweza kunyamaza, nichanganye kikombe kipya, na dada angenisaidia kukimimina.

"Dada," nikasema, "kama ulikuwa hapo juu, beseni lingepita kwangu."

"Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia mara mia."

"Ulikuwa umekwenda kuanika. Beseni nilikuwa nalo mimi. Nililipanda."

"Ulilifanya nini?"

"Nilikaa ndani yake, kama chombo cha kusafiria. Likabinuka, nikaanguka, likaenda. Nikaogopa."

Kikatio cha mume wangu kikaacha kukwaruza kioo. Dada akavuta kreti, akaketi. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari.

"Miaka arobaini na sita," akasema. "Muhula mzima nilisugua mashuka ya watu, mdogo wangu. Vidole vilichubuka mpaka nikashindwa kushika kalamu. Wewe ulikuwa unapita na daftari lako asubuhi, unanipungia mkono."

"Ndiyo, dada."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaamini kwamba labda kweli niliponyokwa." Akajifuta macho kwa ukingo wa khanga. Mara mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia zaidi, kumbe ni kicheko kinachong'ang'ana kutoka. "Ulilipanda! Na makalio yale yako ya utotoni!"

"Shemeji," mume wangu akaanza, "huyu mke wangu—"

"Shemeji, usimtetee. Bado sijamsamehe, nacheka tu." Akasimama, akanigeukia. "Sitaki unilie hapa. Mama yuko hai, na akili zake zipo. Jina hili nimelibeba mbele za watu, na mbele za watu litaondoka. Ahidi, lakini si kwangu tu, maana wewe na mimi tukibaki wawili utakuta njia. Ahidi mbele ya hawa."

"Mbele yangu, dada?" kinyozi akauliza, kioo bado mkononi. "Mimi mteja tu."

"Wewe hasa. Ukisikia wewe, mtaa umesikia."

Kinyozi akasimama wima, akavua kofia. Mume wangu akaweka kikatio mezani. Nilikausha viganja kwenye aproni. Sala iliyokuwa imenigomea asubuhi ilipita sasa upesi, bila maneno. Nikasema kwa sauti ili wote watatu wasikie:

"Jumapili, kabla chakula hakijapakuliwa, nitasimama mbele ya mama, na ndugu, na wajukuu wote, niseme kwamba beseni nililipoteza mimi, na uongo ulikuwa wangu. Na atakayekuita Beseni tena baada ya hapo, aniite mimi, nitaitika."