Chai Iliyomliza Isaku

Kosa lilianza kwa uvivu, kama makosa mengi ya Isaku. Mkewe Sumie alikuwa ametoka, samaki mbichi ameshakatwa na kupangwa sahanini, na unga wa wasabi, kile kiungo kikali cha kijani cha kulia samaki mbichi, ulikuwa umegoma kukorogeka kwa vijiti vya kulia. Ukali wa wasabi hauna habari na ulimi. Unapanda moja kwa moja puani, na Isaku aliupenda kuliko alivyopenda majirani zake.

Rafuni kulikuwa na kipekecho cha Sumie cha kukorogea chai ya unga, kipande cha mwanzi kilichochanwa ncha hadi kikawa na meno membamba kama nywele. Isaku akakitazama. Akatazama mlango. Kisha akakitia kwenye bakuli la wasabi, akapekecha, na povu likaumuka vizuri ajabu. Alikula akashiba, akajiona ana akili.

Balaa lilikuja wakati wa kuosha. Harufu haikutaka kutoka. Sumie hukisuuza kipekecho kwa maji moto tu, akakivika juu ya kigingi chake cha kauri kikauke taratibu bila kupoteza umbo. Isaku yeye alikipiga sabuni ya vyombo, halafu akakisugua kwa mswaki. Jino moja likakatika. Akasugua polepole zaidi, likakatika la pili. Akakirudisha rafuni kikiwa bado kinachuruzika maji na kimetawanyika kama ufagio wa zamani, akaenda kujilaza akijifanya ana homa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Jumapili Mwalimu Toriumi, bibi mkali aliyefundisha utaratibu wa chai kwa nusu ya wanawake wa mji wa Matsue, alikuwa anakuja kunywa chai kwao. Sumie alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka. Isaku alitakiwa akae kama mgeni wa pili na asifanye vituko. Akifaulu, Jumanne ataruhusiwa kwenda na wenzake visiwa vya Oki kuvua samaki.

"Ukiniaibisha, mzee wangu," Sumie alikuwa amemwambia, "mwaka huu utavua kwenye beseni la kufulia."

Jumapili ikafika. Isaku alipiga magoti kwenye mkeka karibu na mwalimu, miguu ikimfa ganzi, macho yakiwa kwa mkewe. Alijua kinachofuata, maana alikuwa amemwona akifanya mazoezi mara nyingi. Mwenye nyumba hulowesha kipekecho kwa maji moto, akakiinua na kukizungusha taratibu mbele ya macho yake, akikagua jino moja moja, wageni wote wakitazama. Hapo ndipo safari ya Oki ingekufa.

Sumie akakiinua. Kilikuwa kipya, cheupe, hakijawahi kuguswa.

Isaku nusura acheke kwa sauti. Bila shaka! Nani anamkorogea mgeni wa heshima kwa kipekecho kikuukuu? Alichoharibu yeye kilikuwa cha mazoezi tu. Akashusha pumzi na kuanza kuwaza chambo.

Mwalimu Toriumi akanywa, akasifu kwa maneno machache, na Sumie akang'aa uso mzima. Kisha akaomba radhi, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na bakuli la Isaku likiwa tayari.

"Ya kwako nimeikoroga kwa kile cha zamani," akasema kwa upole mwingi mno. "Wewe si mgeni hapa."

Povu lilikuwa zuri ajabu. Alikuwa amewahi kuliona mahali. Kabla bakuli halijafika kidevuni, harufu ya wasabi, vijiko vizima vya wasabi, ikawa imeshafika. Akamtazama mkewe, naye alikuwa ametulia kama mtu asiyewahi kukosea tangu azaliwe.

Mgeni hakatai chai. Isaku akanywa funda moja. Pua ikashika moto, masikio yakafuata, machozi yakamwagika.

"Ladha yake ikoje?" Sumie akauliza, kama utaratibu unavyotaka.

"Nzuri," Isaku akasema kwa shida. "Nzuri mno."

"Analia!" Mwalimu Toriumi alishangaa. "Bi Sumie, hukuniambia mumeo ana moyo wa namna hii."

"Anauficha, mwalimu. Hasa jikoni."

Isaku akakohoa. Halafu akakumbuka kwamba kuna aina ya chai, ile nzito, ambayo wageni huinywa kwenye bakuli moja kwa zamu. Akafuta ukingo kwa karatasi yake, akalizungusha bakuli kwa adabu zote, akalisogeza mbele ya mkewe.

"Tamu hivi siwezi kuimaliza peke yangu. Mama, karibu."

"Mume wa kugawana bakuli na mkewe!" Mwalimu akapiga makofi. "Kunywa, Bi Sumie, usimvunje moyo."

Sumie akanywa. Alijitahidi, lakini machozi hayana adabu. Sasa walikuwa wawili wanaolia na kutazamana, na Isaku akajisikia vizuri sana.

Ndipo mwalimu akasogea kwa magoti, mikono miwili mbele.

"Nami nionjesheni. Chai inayoliza watu wawili siwezi kuiacha inipite."

Uso wa Sumie ukasawijika. Utundu wote ulimtoka, akabaki yule mwanamke aliyesubiri miaka, akiiona siku yake ikimponyoka kwa mzaha wake mwenyewe. Isaku aliuona uso huo na huruma ikamshika, huruma na mapenzi, vyote kwa pamoja. Hakufikiri. Alilinyakua bakuli mkononi mwa mkewe, akalibinua mdomoni, akanywa hadi tone la mwisho, akamalizia kwa kufyonza kwa sauti kubwa, ishara ya mgeni aliyeridhika.

Mwalimu Toriumi akairudisha mikono yake mapajani.

"Bi Sumie," akasema, "mumeo ana uroho."

Sumie akainama hadi paji la uso likakaribia mkeka. Mabega yalikuwa yakimtetemeka.

"Ni kweli, mwalimu. Ndiyo maana Jumanne anakwenda Oki. Akae huko hadi ashibe."

Isaku akainama naye, pua ikimchuruzika, mtu mwenye furaha kuliko wote mjini Matsue.