Turungi kwa Wakwe

Tumbo la Wambeti lilikuwa na maneno mengi kuliko mwenyewe, na pale Siakago, penye wasemaji wengi, hilo si jambo dogo. Lilivimba, likanguruma, na kanisani lilipenda kuitikia kabla ya waumini. Daktari alimshauri aache chakula kimoja kimoja mpaka ajue ni kipi kinachomtesa.

Alianza na maharagwe, kwa kuwa yana sifa mbaya tayari. Tumbo likaendelea kuhubiri. Akaacha ndengu, ikawa kama kumfukuza ndugu nyumbani, na bado. Akaacha kabeji, akaacha chapati, hata mumewe Ngari akamuuliza kama atabaki na chumvi peke yake. Maziwa hakuyashuku. Nani hushuku kitu anachopewa mtoto na mgonjwa? Lakini ng'ombe wao alipokauka maziwa, wakawa wanakunywa turungi, chai isiyo na tone la maziwa, na tumbo likanyamaza. Wambeti hakuamini. Akanunua maziwa, akanywa kikombe, akangoja. Hakungoja sana.

Shida ikawa safari ya kupanda milimani Kangeta, kumposea mwana wao Adrian msichana aitwaye Purity. Celina, mama wa msichana, alifuga ng'ombe wa kujivunia, na chai ya wakwe huko haitiwi maji. Mgeni akiomba turungi, ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba boma lake ni tupu. Ngari alimsihi mkewe anywe tu, wasije wakarudi bila mke wa mtoto.

Celina alipoinua birika, Wambeti aliomba turungi kwa upole, akaeleza habari za tumbo lake. Birika likatua mezani. Wazee waliokuwa wakijadili mahari wakageuka.

"Ng'ombe wangu ana kasoro gani?" Celina akauliza.

"Hana, mama. Kasoro ni yangu."

"Nyinyi watu wa kule chini mmezoea mbuzi. Maziwa yangu hayajawahi kumdhuru mtu."

Wambeti akamtazama Adrian, aliyekuwa akikagua viatu vyake. Akaona angeeleza mpaka jioni na asiaminiwe.

"Basi nimiminie. Lakini nikae kile kiti cha mlangoni, na mnionyeshe choo kiko upande gani."

Wakacheka, wakadhani ni utani wa bibi. Akanywa kikombe chote. Wazee wakarudi kwenye mbuzi wa mahari, na mjomba wa Purity alipotaja tu idadi, tumbo likajibu kwa sauti nzito.

"Nani amekataa?" mjomba akauliza.

Wambeti alikuwa ameshatoka. Alirudi, akatoka tena. Alipotoka mara nyingine, Celina alimfuata, akasimama nje ya choo na jagi la maji mkononi.

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua."

"Na ukanywa."

"Ningekataa, mngetupatia Purity?"

Celina akafikiri, maana swali lilitaka ukweli.

"Hapana," akasema. "Ningesema mna dharau."

Akammiminia maji mikononi polepole mpaka akamaliza kunawa. Kisha akamshika mkono, akampeleka jikoni badala ya sebuleni, akabandika maji matupu motoni. Purity alipokuja na jagi la maziwa, mama yake akamwambia ayarudishe, halafu aje asalimie mama mkwe wake vizuri.