Pini ya Kumi na Tatu

Fundi wa milingoti alitia mkono mfukoni kutafuta miwani, akatoa pini. Akakitua kikombe cha chai.

Jana alichukua pini mpya kumi na tatu za boti ya bintiye: kumi na mbili za kuzuia skrubu za nyaya zinazoshika mlingoti zisilegee, na moja ya usukani wa upepo, ule unaoongoza boti wenyewe watu wakilala. Kama hii ilibaki, kuna tundu tupu mahali. Na leo saa tano bintiye na mumewe walikuwa wanaondoka kuvuka bahari, siku ishirini bila kuona nchi kavu.

Alifika gatini akihema.

"Baba! Umekuja kutuaga mara ya tatu?" binti alicheka.

"Nipe kisu, mama."

Kila pini aliizungushia utepe mweupe, isije ikachana tanga. Sasa tepe zote zilifanana, na chini yake hujui kuna nini. Jana mkwewe alimwita ale, naye aliporudi alishika utepe, akidhani pini keshatia.

"Mzee," mkwe alimtania, "si ulisema kazi yako haikaguliwi?"

"Nilisema. Leo naikagua."

Akakata utepe wa kwanza: pini ipo. Wa pili, ipo. Kisu kikamparura kidole, hakujali. Wa kumi na mbili, ipo. Akaenda nyuma ya boti, akalala kifudifudi ukingoni, kichwa juu ya maji, akakata utepe wa usukani.

Tundu tupu. Boliti inayoushika usukani ilikuwa imeshapanda nusu kidole, kwa kuyumbishwa tu hapo gatini.

Binti alikuwa amechutama kando yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Ingetoka lini?"

"Siku ya pili. Ya tatu ikichelewa."

Aliirudisha boliti, akatia pini, akaikunja ncha kwa koleo, akanyoosha mkono kuomba utepe. Binti hakumpa.

"Ngoja kwanza, baba. Nizione zote kwa macho yangu."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia hivyo. Fundi akampa koleo azijaribu moja moja.

Waliondoka saa saba. Alisimama gatini mpaka tanga likawa doa, akipapasa mfuko wa shati uliokuwa na pini. Mtupu. Akapapasa tena.